Hita ya Gari la Baba

Leo fundi alipofungua rejeta ya gari langu, maji ya kijani yalichuruzika, na ile harufu yake tamu ikanirudisha uani kwetu Njombe.

Baba alikuwa amenunua gari kuukuu kutoka Dar es Salaam. Mafundi wa kule walikuwa wameikata mipira ya hita na kuiziba. Joto la nini tena Dar? Mama alilipanda mara moja tu, kwenda Makambako kwa dada yake, akabaki hukohuko. Baba aliniambia ni baridi ya garini iliyomkimbiza.

Jumamosi nzima pale uani aling'oa dashibodi, akaunga tena mipira, akafunga rejeta ndogo ya hita na feni mpya.

“Weka mkono, mwanangu. Unasikia joto?”

“Nasikia, baba.”

Kesho yake baada ya misa tukamfuata. Mama alitoka na kitenge mabegani, akainama dirishani, akakinga kiganja kwenye upepo.

“Kweli limepona,” akamwambia baba. Akanishika shavu kwa mkono uleule uliopata moto, akarudi ndani kwa dada yake.

Nilikaa kiti cha nyuma. Hadi Njombe feni ilipuliza kwa nguvu zake zote, na baba alikuwa ameelekeza matundu yote kwenye kiti cha mama.