Kuuosha Mguu wa Dada Hawa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja mjini Tanga, nilitarajia kupewa sindano niwachome wagonjwa. Sare nilikuwa nimeipiga pasi mpaka karibu isimame yenyewe, na moyoni nilishajiona nesi kamili. Mganga Msaidizi aliyekuwa mkuu wa chumba cha vidonda, mtu mfupi wa Kibondei, alinikalisha kwenye benchi mbele ya wagonjwa akaniambia nijipapase chini ya taya.

"Umezipata?" akauliza.

"Nini, Bwana Mganga?"

"Tezi. Usipozijua hizo huna kazi hapa. Papasa tena."

Nikapapasa huku wagonjwa wakinicheka, hadi nikagusa kitu mfano wa punje ya kunde kikiteleza chini ya ngozi. Hapo ndipo aliponianzia somo, na nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo, wenye mashine za kuwaonyesha kila kitu, ningependa mlisikie kama nilivyolisikia mimi.

Damu inapozunguka, maji yake kidogo huvuja na kulowesha nyama za mwili. Maji hayo yakiingia kwenye mirija yake huitwa limfu. Mirija yenyewe ni myembamba na haina moyo wa kuisukuma kama damu. Kazi kubwa hufanywa na misuli tunapotembea na kuhangaika. Njiani limfu hupita kwenye tezi za kinenani, kwapani na shingoni, na humo chembe nyeupe za damu hukamata vijidudu. Vita vikiwa vikali, tezi huvimba, ndio huo mtoki. Watu wa kwetu walizoea kuukanda mtoki kwa majani ya moto, na Bwana Mganga akiwakuta hakuwa na simile. "Kidonda kiko kidoleni, wewe unamkanda mlinzi! Lete mguu hapa."

Juu yake alikuwepo Sista Mkuu, Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu. "Kausha katikati ya vidole!" Ukimwambia umeshakausha, hakuamini. Aliinama mwenyewe akavipanua vidole vya mgonjwa, akatazama. "Maji yakibaki, ngozi inapasuka. Ngozi ikipasuka, mlango wazi." Nilimwogopa sana mama yule, na mpaka leo siwezi kujifuta miguu ovyo.

Tulipofika kwenye somo la matende, nililia. Bwana Mganga alikuwa akieleza kwamba mbu huleta minyoo myembamba kama uzi, nayo hukaa ndani ya mirija ya limfu ikaiharibu. Maji hukosa njia, mguu hujaa, na mguu uliojaa hivyo ulinzi wake hudhoofu. Mpasuko mdogo tu wa ngozi huleta homa, na kila homa huuongeza uvimbe. Aliponiona nafuta machozi alidhani ameniudhi.

"Ni dada yangu," nikamwambia.

Dada Hawa alikuwa akiishi kijijini Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Mama yetu alifariki mimi bado natambaa, na yeye ndiye aliyenilea. Mguu wake wa kushoto ulianza kuvimba akiwa msichana. Watu wakasema amekanyaga kitu alichotegewa njiani, na mchumba akageuka. Tangu hapo akajifungia ndani. Harusini haendi, matangani haendi, na kisimani alikwenda wenzake wakisharudi. Mimi nilikuwa nikiomba jambo moja tu, dada yangu atoke akae na watu.

"Atapona?" nikauliza.

"Mguu hautarudi kuwa ule wa zamani, nisikudanganye. Lakini homa tunaweza kuzipunguza. Vidonge nitakupa, ila kazi kubwa ni ya mikono. Nenda kamwoshe."

Nikaenda likizo na sabuni ya hospitali kikapuni.

"Shikamoo, Da Hawa."

"Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo kazi waliyokupa, kuuza sabuni?" Nilipomweleza, aliuvuta mguu chini ya kanga. "Mguu huu hata mimi mwenyewe siutazami."

"Mimi nimeajiriwa kutazama miguu. Lete."

Alikataa, tukagombana, mwisho akautoa huku amegeuza uso. Nikauosha kwa maji ya uvuguvugu, kila mkunjo, nikakausha katikati ya vidole, nikauinua juu ya mto wa sufi na kumwambia akunje na kukunjua kifundo ili maji yapate kupanda. Na hapo, macho yake yakiwa kwenye makuti ya paa, akaanza kuzungumza habari za mama. Alikuwa hajawahi. Nikajua kwamba mama alikuwa akiimba huku akikuna nazi, na akiimba kombo. Kwamba aliogopa ng'ombe. Kwamba jina langu alilichagua yeye, baba hakulitaka. Kila nilipopata likizo nilikwenda kuuosha mguu, na kila nilipoosha, mama alizidi kuwa mtu ninayemfahamu.

Nilihamishiwa Muheza. Mkuu wa zahanati kule hakupenda kutoa ruhusa. "Wewe una ndugu wangapi wagonjwa?" aliniuliza siku moja.

"Mmoja, Bwana Mkuu, lakini mguu wake ni wa watu wawili."

Akacheka mpaka akatia sahihi. Nikanunua machungwa, nikapanda basi la Tanga, kisha la Pangani, nikavuka kwa pantoni. Nilipofika Mwera nikakuta mlango umefungwa.

"Kaenda harusini," akasema jirani, kana kwamba ni jambo la kila siku.

Nilikimbia. Nikamkuta ameketi katikati ya wanawake, amevaa makatambuga mapana aliyoshonewa na fundi, anapiga vigelegele kuwashinda wote. Nililia kwa furaha mbele za watu bila haya. Jioni nikabandika maji jikoni.

"Nimeshaosha," akasema. "Naweza mwenyewe sasa, tena naosha vizuri kuliko wewe."

Nikautazama mguu. Sista Mkuu mwenyewe asingepata la kusema. Homa zilikuwa zimekuwa za nadra na ngozi imelainika. Nilichokiomba nilikuwa nimekipata, na sikumwambia mtu jinsi kilivyoniuma. Nilipomuuliza habari za mama alijibu, "Ya zamani hayo," akajitanda kanga akatoka kwenda kwa jirani. Alikuwa na watu sasa.

Nimeshastaafu. Siku hizi vijiji vizima hupewa vidonge minyoo isije ikaenea, nami nafurahi kwa dhati. Nimeosha miguu ya watu mingi katika kazi yangu, na siutamani hata mmoja isipokuwa ule. Dada Hawa hayupo tena, na hamu yake hainiishi.

Mara ya mwisho kumkuta hai nilikaa kando ya kitanda chake, sikuuliza lolote. Alinitazama, kisha akautoa mguu chini ya kanga.

"Leo nimechoka," akasema. "Nioshe wewe."

Nilipoushika ulikuwa umeshaoshwa, unanukia sabuni, vidole vikavu kabisa. Nikaenda kuchota maji, nikauosha upya, polepole, naye akaanza kunisimulia habari za mama.