Kokoto la Arobaini

Saa moja asubuhi, mchimba makaburi wa kata ameinama ndani ya shimo lisilozidi urefu wa mkono wake. Anasawazisha chini kwa kiganja, polepole, kama atandikaye kitanda. Akishatoka, anaokota kokoto moja na kulitia katika kopo la maziwa la mwaka huu.

"Kila mtoto na kokoto lake," anasema. Ana umri wa miaka sitini na minane. Ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia hapa, na mgongo wake haunyooki tena.

Kopo la mwaka jana lingali kibandani, lina kokoto thelathini na tisa. Ijumaa hii karani wa takwimu atakuja kulihesabu. Ripoti za zahanati humfikia kila mwezi, ila zina mapengo, kwani wengi hufia nyumbani. Za mwaka jana zilitaja watoto thelathini na mmoja tu. Kwa hiyo karani huishika jumla ya kopo kuwa kipimo, kisha huinua takwimu za kila mwezi hadi zilingane nayo, bila kuharibu sura yake: mwezi uliokuwa mzito hubaki mzito, mwepesi hubaki mwepesi.

"Muulize fundi cherehani," mzee anafafanua. "Zahanati inakadiria kwa jicho kila mwezi. Mimi ndiye futi, natolewa mara moja kwa mwaka. Sasa futi yenyewe ikipungua, nguo nzima imekwenda upande."

Nayo imepungua. Anatoa mfukoni kokoto la arobaini. Ni la mjukuu wake, aliyefariki siku ya pili ya uhai wake, mkunga wa pekee wa zahanati akihangaika na akina mama watatu wanaojifungua kwa wakati mmoja. Kaburi alilichimba mwenyewe. Kokoto aliliokota; mkono ukakataa kuliachia. Miezi minane sasa.

Kwa hesabu hiyo ndipo huamuliwa zahanati ipi iongezewe mkunga. Aliwahi kumuuliza karani, kwa mbali, kama kokoto moja lina uzito wowote. Akajibiwa kwa upole kwamba moja halibadili mengi, babu.

"Kwake, sawa," anasema. "Lakini pengo la mjukuu wangu litaenezwa kwenye miezi yote kumi na miwili. Hakuna hata mmoja utakaosema kweli."

Binti yake, mama wa marehemu, amemletea chai. Alidhani kokoto lilitiwa siku ile ile. Analitazama kiganjani mwa baba yake, na chai inapoa.

"Baba, umetembea naye muda wote huu?"

"Nilitaka abaki wa kwangu, mwanangu. Humo koponi ni wa watu wote."

Ijumaa, mzee anasema, watamngoja karani pamoja. Kokoto atalitia binti yake. Yeye atashika kopo.