Mikono ya Kushoto ya Darasa la Mwalimu Pei

Gu Qiaolin alikuwa mkono wa kushoto. Si kwamba aliandikia kushoto, la hasha. Kalamu aliishika kulia kama wenzake wote. Mkono wa kushoto kilikuwa cheo, na aliyempa cheo hicho ni mwalimu Pei, mwalimu wao wa Kiingereza, siku chache baada ya sikukuu ya kusafisha makaburi, alipotangaza kwamba darasa lake limechaguliwa kwa somo la wazi.

Somo la wazi hufundishwa mbele ya wakaguzi wa wilaya, nao hukaa nyuma ya darasa kwenye vigoda vya plastiki wakiandika. Kwa hiyo ni somo ambalo kila mwanafunzi analijua kabla halijafundishwa. Mwalimu Pei alikuwa ameshanyimwa kupandishwa daraja zaidi ya mara moja, na safari hii hakutaka mchezo. Alifunga mlango.

"Sikilizeni. Nikiuliza swali, wote mnanyoosha mikono. Wote! Sitaki kuona mtu amekaa kama gunia la viazi. Anayejua jibu, mkono wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia. Imeeleweka?"

"Imeeleweka!" darasa zima likapaza sauti.

Kisha akagawa maswali na majibu yake. Tong Wenbo, aliyekaa dawati moja na Qiaolin, alipewa swali la rangi ya sahani. Jibu lake lilikuwa neno moja, buluu, na Wenbo alilifanyia mazoezi kwa bidii ya mtu anayejiandaa kuoa. Qiaolin hakupewa swali.

"Wewe kushoto tu," mwalimu Pei alimwambia. "Hata ukidhani unajua."

Darasani hapakuwa na asiyefahamu maana yake. Ukishafika mwaka wa pili wa sekondari ya chini, wazazi wa baadhi ya watoto huanza kuitwa shuleni mmoja mmoja, wakamiminiwa chai, wakaambiwa kwa sauti laini kwamba mtihani wa sekondari ya juu una presha nyingi, ya nini kumtesa mtoto, mbona chuo cha ususi ni kizuri na juzi tu kimewekwa madirisha mapya. Wakishaambiwa hivyo, imekwisha. Qiaolin hakuwa na ugomvi na nywele za mtu, ila alitaka sekondari ya juu, na kilichokuwa kinamzamisha ni hicho Kiingereza. Hesabu alikuwa anaiweza vizuri tu.

Basi akakivalia njuga. Kila alfajiri, kabla ya kwenda shule, alisimama nyuma ya nyumba, uso ukutani, akasoma kwa sauti kubwa kifungu cha somo la wazi. Kilimhusu ajuza mmoja wa Uingereza, Bibi Green, aliyeishi peke yake. Kila Jumapili aliandaa sahani mbili mezani, akala kwenye moja, halafu akaziosha zote mbili. Hadithi yenyewe ni hiyo tu. Aliyeitunga alikusudia kufundisha wakati uliopita, na kwa hilo alifaulu, maana kila kitenzi humo ndani kilikuwa kimebadilishwa sura mpaka mama mzazi wa kitenzi chenyewe asingekitambua.

Bibi yake Qiaolin alikuwa kibarazani akimenya vitunguu saumu.

"Hivi hawa Waingereza wana shida gani?" aliuliza. "Tangu juzi unarudia jambo lilelile."

"Ni wakati uliopita, Bibi. Kitenzi kinabadilika ikiwa mambo ni ya jana."

"Kinabadilika cha nini? Kwani neno jana hawana?"

"Wanalo."

"Sasa si walitumie! Sisi kitenzi chetu kinakaa palepale, jana, leo na kesho, na mbona tunaelewana? Tena tunagombana vizuri tu."

Qiaolin alirudi kwenye ukuta wake.

Alipokwisha kukijua kifungu chote, nukta kwa nukta, alikwenda ofisi ya walimu. Mwalimu Pei alikuwa akipuliza chai yake, anasubiri majani yatue chini.

"Mwalimu, naomba mkono wa kulia."

"Unaomba nini?"

"Mkono wa kulia. Hadithi naijua yote. Naweza kuisoma sasa hivi."

Mwalimu Pei akamtazama kama mtu aliyeombwa kiti ndani ya basi lililojaa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu.

"Qiaolin, mwanangu, maswali yameshagawiwa. Usije ukaniharibia, tafadhali. Kushoto."

Siku ya siku ikafika. Wakaguzi walikaa nyuma, mkubwa wao mzee mmoja mwenye jaketi lililofungwa zipu mpaka kooni. Somo likaenda kama treni. Kila swali lilipoulizwa mikono ilipanda msitu mzima, na mwalimu Pei akachagua kana kwamba anafikiri. Wenbo alisema buluu kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. Qiaolin alinyoosha kushoto, na kushoto, na kushoto tena. Majibu yote aliyajua, na kila mara mkono ulipopanda alihisi aibu ikimpanda nao.

Zilipobaki dakika chache tu kengele ilie, mkaguzi mkubwa akasimama.

"Mwalimu, ukiniruhusu, na mimi nina swali dogo."

Mwalimu Pei akatabasamu. Angefanya nini?

Mzee akauliza, kwa Kiingereza cha polepole: "Bibi Green alikula kwenye sahani moja. Kwa nini aliosha zote mbili?"

Lo! Kifungu hakikusema. Hakuna aliyegawiwa jibu la hilo. Lakini amri ilikuwa amri, wote wanyooshe, na hili lilikuwa darasa lililofunzwa likafunzika. Mikono ikapanda juu, imenyooka safi, ya kushoto.

Uso wa mwalimu Pei ukawa mweupe kama tofu. Mkaguzi akautazama ule msitu wa kushoto bila kupepesa, ndipo jicho lake likafika safu ya nne, ulipokuwa mkono mmoja wa kulia.

"Chagua, mwalimu," alisema.

"Gu..." mwalimu Pei akaanza. "Gu Qiaolin."

Qiaolin akasimama. Vitenzi vyote alivyovihubiria ule ukuta vikamtoroka papo hapo, kila kimoja na njia yake. Kilichobaki kichwani kilikuwa viatu. Mama yake alifanya kazi kiwandani katika mji wa mbali wa Dongguan na kurudi Mwaka Mpya tu, na viatu vyake vya kuvalia ndani vilikaa mlangoni mwaka mzima. Kila zilipofuliwa nguo, bibi alivifua na hivyo, ingawa hakuna aliyevivaa.

"Yeye osha mbili," Qiaolin alisema kwa Kiingereza kilichovunjika kila kiungo. "Sahani chafu, mtu kula. Yeye osha, ni kama mtu kuja. Kama yeye osha moja tu, hapo yeye jua, mtu hapana kuja."

Mkaguzi akasema, "Kaa," akaandika kitu.

Mlangoni, akiaga, alimsogelea mwalimu Pei na kumwambia kwa sauti ya chini: "Enzi zangu, waliojua niliwaambia wafungue kiganja, wasiojua wakunje ngumi. Kwa nyuma haionekani sana." Akaenda zake kula. Kama daraja litapanda au halitapanda, barua ingekuja baada ya likizo.

"Umekwisha," Wenbo alimnong'oneza Qiaolin. "Ulijuaje kwamba unajua?"

Mwalimu Pei alimwita ofisini wenzake wakienda kula. Qiaolin aliingia akijua kabisa kwamba chai imeshaandaliwa kwa ajili ya bibi yake.

"Rudia ulichosema," mwalimu aliagiza.

Akarudia. Mwalimu Pei akachukua chaki, akaziandika sentensi zote kwenye ubao wa ofisini jinsi zilivyotoka, halafu akaanza kuzungushia makosa. Ubao ukajaa miduara. "Aibu tupu," alisema. "Hapa kitenzi kiko wapi? Na hiki, ni cha leo au cha jana? Utaupeleka upuuzi huu kwenye mtihani wa sekondari ya juu? Sema upya."

Tangu mwaka uanze, kazi za Qiaolin zilirudi na alama moja ya wino mwekundu kwamba zimeonekana, basi. Waliokatiwa tamaa hawasahihishwi. Aliitazama ile miduara, na machozi ya furaha yakamtoka kabla ya sentensi ya kwanza.

"Usinililie hapa, sema," mwalimu Pei alimhimiza.

Akasema, vibaya. Akasema tena, nafuu kidogo. Walipofika nusu ya ubao chakula cha shule kilikuwa kimekwisha, kwa hiyo mwalimu Pei akatoa mkate wake wa mvuke ndani ya mfuko, akaumega katikati, akampa nusu pamoja na achari ya figili, na wote wawili wakila, aliendelea kumkosoa.