Mshenga wa Chuma

Siku ya kwanza kazini nilisalimia kwa sauti ndogo sana, hata Msimamizi wa Karakana akadhani nimempita bila shikamoo. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, nimevaa ovaroli ya kaka yangu niliyoikunja miguuni, na pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mafundi wote walikuwa wanaume.

"Binti, hapa kuna kelele," aliniambia. "Ukinong'ona, gari litashushwa juu yako."

Akanipa brashi ya waya nisugue sampu, yaani lile bakuli la oili linalokaa chini ya injini. Nilisugua mpaka jioni bila kuuliza choo kilikuwa wapi. Nilikuwa mtu wa haya namna hiyo.

Ninyi mnaosomea ufundi leo mnaniuliza tulifanyaje kazi bila spea. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Karakana yetu ilikuwa ya ushirika, kila mtu ndugu, na vipuri vya nje vilikuwa adimu kama petroli. Kwa hiyo tulikuwa tunaozesha. Injini ya kampuni hii tunaipa giaboksi ya kampuni ile, zinaishi pamoja. Haikuwa kazi ya kubahatisha. Ilikuwa na taratibu zake.

Nilipokuwa nimeshakuwa fundi kamili, alikuja Mama Aneti, mjane wa Kilimanjaro aliyeuza maharage kwa jumla Kariakoo. Aliburuziwa gari la marehemu mumewe, motokaa kongwe ya Kiingereza, gia yake kwenye usukani, kiti cha mbele kirefu cha watu watatu. Injini ilikuwa nzima. Giaboksi ilikuwa imekatika meno.

"Mashemeji wamesema gari likishindwa kufika Moshi kwa magurudumu yake Krismasi hii, watalipakia kwenye lori libaki kwao," alituambia. "Na mimi maharage nabebea nini?"

Mama mkwe wake alikuwa naye mjini, anatibiwa magoti, na angesafiri na gari hilo hilo. Neno la bibi huyo ndilo wanawe wangelisikiliza. Mpaka siku hiyo alikuwa hajasema lolote.

Msimamizi akaliangalia gari, akasema, "Tunaozesha."

Tulipata giaboksi ya gia tano kutoka pikapu ya Kijapani iliyopinduka Buguruni. Matundu yake ya bolti hayakulingana na ya injini, kwa hiyo tukachonga sahani nene ya chuma ya kukaa katikati: upande mmoja matundu ya Kiingereza, upande wa pili ya Kijapani. Sahani hiyo tuliiita mshenga. Mshenga akikaa upande hata kwa unene wa unywele, giaboksi inalia na klachi inakufa. Kwa hiyo unaanza kupima katikati ya krenki, shafti kuu ya injini, matundu unatoboa mwisho. Mkerezaji, mzee wa Kihindi aliyekuwa na mashine ya kuchonga vyuma mtaa wa pili, alitutengenezea bushi ndogo ya shaba ya kupokea ncha ya shafti mpya. Pleti ya klachi tukaipa kitovu cha Kijapani na ngozi ya Kiingereza. Propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, tukaikata, maana giaboksi mpya ilikuwa ndefu zaidi, tukaichomea upya.

Shida ikabaki moja. Gia sasa ilitokea sakafuni, katikati kabisa ya kiti.

"Hapo ndipo anapokaa mama," alisema Mama Aneti, aliyekuwa amekuja na mama mkwe wake.

"Si akae nyuma?" akauliza Msimamizi.

"Nyuma ni kwa mizigo," alijibu bibi mwenyewe, ameegemea fimbo. "Mwanangu aliniweka katikati."

Tukaupasha moto mkono wa gia, tukaukunja uelekee mbele. Bibi akaingia, akakaa, gia ikawa katikati ya magoti yake, kanga imeizunguka.

Majaribio aliendesha Msimamizi. Mama Aneti alikaa mbele, upande wa dirisha, mimi nyuma na mfuko wa spana. Namba moja iko mbele, mbali na bibi, ikaingia vizuri. Namba mbili unaivuta nyuma, kuelekea magotini kwake. Nikauona mkono wa Msimamizi unashuka, unafika karibu na kanga, unarudi kwenye usukani. Ukashuka tena, ukarudi. Tukaenda na namba moja mpaka Buguruni, injini inapiga kelele, rejeta inatoa mvuke.

Akasimamisha gari. "Namba mbili haiingii. Mshenga amepinda. Tunashusha kila kitu."

Mama Aneti akafunika uso kwa viganja. Kushusha na kuchonga upya kungepita Krismasi.

Nilimfuata Msimamizi alipokuwa anafungua boneti, nikamwambia polepole, "Ndugu Msimamizi, hiyo mbili hujaijaribu."

Akaiachia boneti. "Wewe ungepeleka mkono pale? Mama wa watu?"

"Mimi ni mwanamke."

"Haya, peleka basi."

Injini ilipopoa nikakaa kwenye usukani. Tukaondoka. Nikakanyaga klachi, nikashusha mkono, na wangu nao ukagoma hapo hapo kwenye kanga.

"Unatafuta nini, mjukuu wangu?" bibi akauliza.

"Namba mbili, bibi."

"Iko wapi?"

"Inakuja kwako."

Akaishika gia kwa mikono miwili, akaivuta. Ikaingia laini. "Hii?"

"Hiyo hiyo."

"Sasa mlikuwa mnaniogopa mimi au chuma?"

Msimamizi, aliyekuwa nyuma na mfuko wa spana, aliangalia nje. Tokea hapo mimi nilikanyaga klachi na kutaja, bibi akaingiza. Mbele. Nyuma. Barabara ya Pugu ilipofunguka nikamwambia, "Lete kwangu, halafu mbele." Injini ikatulia ghafla.

"Limezima," bibi akasema.

"Halijazima. Hiyo ndiyo tano."

Akasikiliza kwa muda. "Wanangu watalitaka hili," akamwambia Mama Aneti.

"Najua, mama."

"Hawatalipata. Nani atanirudisha kwenye matibabu yangu?"

Januari walirudi wote wawili, gari limejaa vumbi na mikungu ya ndizi. Mama Aneti alishuka upande wa dereva. Bibi alibaki katikati, anapanga kanga yake.

Baadaye nilihamishiwa Morogoro, kisha Tanga, nikarudi Dar, na nimestaafu nikiwa Msimamizi. Siku hizi vijana hunifuata nyumbani na hesabu zao za mshenga, vipimo safi kuliko vyetu, wakilalamika kwamba kwenye majaribio gia iligoma. Hesabu nazipitia, lakini baadaye. Kwanza huwauliza nani alikuwa amekaa mbele.