Kiatu cha Bibi Mganga

Bibi yangu Loisi, mama yake mama, alikuwa mfupi, mbishi, na hakutaka mtu amsaidie kubeba chochote. Watu wa rika lake hapa Mpwapwa walimjua kwa jambo moja: ni mwanamke aliyepandisha Wajerumani milimani. Jinsi alivyoipata kazi hiyo nimeisikia kwake mara nyingi, na mwili bado unanisisimka. Naiandika kwa sababu wanangu wanasema naongopa.

Kwanza kazi ilikuwa ya mumewe, babu yangu Matonya. Reli ilikuwa imekwisha kupita Gulwe, na wake wa Wazungu wa boma walianza kuja, wakakuta hawana la kufanya. Mmoja wao, mke wa daktari, ambaye watu walimwita Bibi Mganga, akaamua kupanda vilima. Hakuokota kuni kule juu, hakutafuta mbuzi aliyepotea. Alipanda, akatazama chini, akashuka. Watu wazima walisimama milangoni kumtazama, midomo wazi.

Babu aliijua kazi yake, hilo simnyimi. Mgeni wa mlima humpitishi njia ya mbuzi. Unaondoka naye umande haujakauka, unamzungusha upande wenye mteremko mdogo, mnakwenda mwendo wa kuongea. Akinyamaza, ujue pumzi imekwisha. Hapo unajifanya umechomwa na mwiba ili akae bila aibu. Jua likianza kuuma, mmesharudi. Tena kulikuwa na hili: Bibi Mganga alivaa kitu cha kumkaza kiuno, hawezi kuinama. Kamba za viatu vyake zikifunguka, babu ndiye aliyepiga goti kuzifunga. Akisimulia nyumbani, watu walicheka mpaka machozi.

"Mwanaume mzima unafunga miguu ya mwanamke," bibi alimwambia.

"Na chumvi anayonipa unaila," babu akajibu.

Mwaka huo mvua ikagoma. Uwele ulichomoza, ukanyauka. Kwetu Ugogo, mambo yakifika hapo, wanawake hushika nchi kwa siku moja. Huvaa nguo za waume zao, hubeba mikuki na fimbo zao, huchunga ng'ombe, na huufukuza mkosi kwa nyimbo ambazo siwezi kuziandika hapa. Wanaume hukaa ndani wakisaga unga. Mwanaume akikutwa nje, mkosi unarudi naye, na wanawake humpiga bila kuulizwa na mtu.

Siku ikapangwa, nayo ikaangukia siku ya Bibi Mganga kupanda.

"Kesho hutoki," bibi alisema.

"Boma limeniita. Nikikataa, viboko ishirini na tano utavipokea wewe?"

"Sema unaumwa."

"Nilisema mwezi uliopita. Akamleta mumewe na dawa chungu."

"Hutoki, Matonya."

Babu akanyamaza, na bibi akadhani amekubali. Wanaume hawa. Kumbe alikuwa anapiga hesabu zake: wanawake watapeleka ng'ombe bondeni, yeye atakuwa mlimani, wataonana wapi? Asubuhi alingoja wote watoke, akachukua kibuyu cha maji, akaenda kumchukua mgeni wake.

Bondeni ng'ombe hawakukuta hata jani. Basi wanawake wakawageuza, wakawapandisha kilima kile kile cha Bibi Mganga.

Walikutana kwenye kona, penye jiwe kubwa. Wanawake kama arobaini, wamejipaka udongo mwekundu, wamefunga shuka za kiume, mikuki mikononi. Bibi Mganga alikuwa anashuka peke yake mbele. Vita vya Majimaji havikuwa na miaka mingi tangu viishe, na Wazungu walikuwa bado wanalala jicho moja wazi. Yule mama alikauka kama mti. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wake, akatoa bastola ndogo, akawaelekezea.

Nyimbo zikakatika. Kila mmoja alijua kwamba bastola ile ikilia, hata ikimkosa mtu, askari watakuja na kijiji kitakuwa majivu kabla ya jua kuzama.

"Msikimbie," alisema kwa sauti ndogo kiongozi wao, shangazi yake Matonya. "Anayekimbia ndiye anayepigwa."

Bibi yangu hakuwa anaitazama bastola. Alitazama kibuyu kilichoanguka njiani, kibuyu chake, chenye ufa alioushona kwa mkono wake. Akajua nani amejificha nyuma ya jiwe. Halafu akaona kitu kingine: kamba ya kiatu cha Mzungu inaburuta chini.

Aliweka mkuki chini. Akatembea, viganja wazi, hatua kwa hatua, mpaka miguuni pa yule mama, akapiga goti. Hakuwa amewahi kugusa kiatu maishani mwake. Aliifunga ile kamba kama unavyofunga ndama wakati wa kukamua. Chuma cha bastola kilikuwa juu ya kichwa chake, alisema, kikimgusa nywele.

Akasimama. Kiswahili alikuwa nacho kidogo tu.

"Kiatu," alisema. "Utaanguka."

Bibi Mganga akatazama kiatu, akatazama shuka, akatazama uso.

"Wewe mwanaume?"

"Leo, ndiyo."

"Wanaume wako wapi?"

"Nyumbani. Wanasaga."

Yule mama akaketi njiani, akairudisha bastola mfukoni kwa kupapasa kama kipofu.

Hapo shangazi akasogea. "Na nyuma ya jiwe kuna nani?"

Wengine walishaanza kuinua fimbo.

"Hakuna mwanaume pale," bibi yangu akasema. "Leo wanaume ni sisi. Yule ni mke wangu, ameniletea maji."

Shangazi akafungua furushi lake, akatoa kaniki aliyoivua alfajiri, akairusha nyuma ya jiwe. "Basi avae kama mke."

Babu yangu Matonya, mwanaume mwenye ng'ombe kumi na wawili, alishuka kilima kile amefunga kaniki ya shangazi yake, kibuyu kichwani. Wanaume wote wa kijiji walichungulia milangoni, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka jioni. Alifika nyumbani, akasaga.

Kamba ya kiatu ilishindikana kufunguliwa; daktari aliikata kwa kisu. Mvua ilikuja baada ya siku tisa. Na boma lilipotuma askari kumwita kiongozi wa mlima, babu hakuinuka alipokaa.

"Mimi sijui njia," alisema, akamwonyesha bibi kwa kidevu. "Muulizeni mume wangu."