Kinga ya Konsuli

Kaka yangu alifungwa kwa sababu ya kibuyu cha baruti. Hakuiba wala hakumtisha mtu. Nguruwe pori walikuwa wanaimaliza mihogo yetu karibu na Kipalapala, naye akalishindilia gobori la marehemu baba bila kibali. Askari alimkuta shambani, akamchukua yeye na kibuyu chake.

Mimi nilikuwa mchukuzi wa mizigo stesheni ya Tabora. Kabla kesi haijasikilizwa, treni ya Kigoma ilimleta konsuli wa nchi iliyokuwa vitani, nchi ambayo mataifa yalikuwa yamekubaliana kutoiuzia silaha. Jambo hilo lilijulikana hata sokoni Ng'ambo. Konsuli alikuwa na makasha yenye lakiri nyekundu, ya kuhamishiwa behewa la Dar es Salaam. Moja lilituponyoka, ubao ukapasuka, na ndani yake zilijaa bunduki mpya zinazonuka mafuta. Askari yule yule aliyemkamata kaka alikuwa amesimama pale. Akatafuta nyundo, akalipigilia misumari.

Siku ya kesi nilisimama nikayasema yote. Hakimu Mwingereza alinong'ona na mkalimani, naye akatugeukia.

"Bwana Hakimu anasema mizigo ya konsuli haifunguliwi. Konsuli ana kinga."

Mama akasimama, akamwuliza mkalimani. "Mwanangu, kinga hiyo anaitoa mganga gani? Na mimi nimtafutie huyu wangu."

Watu walicheka. Mama hakuwa anatania. Kwetu kinga ni dawa, mtu huchanjwa au huivaa, na kwa ajili ya mwanawe angeifuata hata Ujiji kwa miguu. Mkalimani hakuyatafsiri maneno yake. Kaka akafungwa, nguruwe wakamaliza shamba. Mpaka leo mtu akiniambia sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, namjibu kwamba aliyeshika mpini hakatwi.

Konsuli alipita tena, safari hii na makasha mengi zaidi. Wachukuzi hatukutosha, wakaletwa wafungwa watusaidie. Niliinama kushika kasha upande wangu, nilipoinua macho nikamwona kaka ameshika upande wa pili, kichwa kimenyolewa, shingo imekonda. Nilitaka kuliachia kasha lile lipasuke mbele ya stesheni nzima, na nadhani aliisoma nia yangu usoni.

"Shika vizuri, mdogo wangu," alisema. "Likianguka tutafungwa sisi."