Anjum na Sauti Iliyochelewa

Anjum binti Nurmohamed hakusomea muziki wala kompyuta. Alianza kwa kunakili kanda katika duka la baba yake mjini Mtwara. Mteja aliporudisha kanda inayokoroma, Anjum alimhoji kwanza: redio gani, betri za lini, uliiacha juani? Nusu ya kanda zilizorudishwa hazikuwa na kosa lolote. Hakukubali lawama kabla ya kuipima, na kwa sababu hiyo alifaa kazi ya studio kuliko wengi waliojua kupiga kinanda.

Mwaka 2005 studio ilikuwa chumba cha nyuma cha duka lile lile. Kuta zilizibwa kwa magodoro chakavu na magunia ya korosho, na msimu ulipofika kazi ilisimama kila lori lilipopita kwenda bandarini. Kompyuta moja, maiki mbili, hedifoni moja. Mimi nilikuwa na mapatano na kwaya ya Mwalimu Dickson ya kuuza kanda zao, kwa hiyo nilishinda pale nikingoja kazi iishe.

Jumatatu kwaya nzima ilirekodi kwa mkupuo mmoja, pamoja na kinanda. Ilitoka vizuri. Jumanne akaja Yustina, karani wa mizani bandarini, kuweka sauti ya pekee juu ya ile ya wenzake. Wimbo aliutunga yeye mwenyewe. Alivaa hedifoni, akaisikiliza kwaya ya jana, akaimba. Anjum alipocheza vyote pamoja, Yustina alikuwa nyuma. Si sana, lakini kila mstari uliingia kama muumini anayefika wimbo wa kwanza umeshaanza.

"Yustina, vipi?" Mwalimu Dickson akauliza. "Kwaya imeshafika Masasi, wewe bado unapanda gari Mikindani."

"Mwalimu, nimeimba na kinanda. Nimekisikia."

"Kompyuta imekusikia vingine. Wahi kidogo."

Akawahi. Pengine aliwahi mno, pengine hakuwahi vya kutosha. Siku mbili zilizofuata walirudia, Mwalimu amesimama mbele yake, akimwita kwa kidole kila mstari ulipokaribia. Ijumaa alasiri Mwalimu akaja na Upendo, binti wa sauti ya kwanza.

"Jumapili tunaimba Masasi mbele ya kwaya kumi na mbili," alisema. "Atakayekaa kwenye kanda ndiye atakayesimama Masasi. Siwezi kuwapeleka watu wakachekwe."

Yustina alikaa juu ya kreti la soda, mikono mapajani. Wimbo ulikuwa wake na sasa ungetoka kinywani mwa mwingine. Nami nilimwambia Mwalimu amchukue Upendo, yaishe. Nilichotaka ni kanda.

"Au basi yasogeze hayo mawimbi," Mwalimu akamwambia Anjum, akionyesha sauti zilizochorwa kwenye skrini. "Si unaweza?"

"Naweza. Leo nisogeze wimbo mmoja, kesho nisogeze saba. Kwanza nijue nani amechelewa."

Upendo akaimba. Naye akawa nyuma.

"Jamani, ninyi mmeambukizana?" Mwalimu akasema.

"Imba wewe, Mwalimu," Anjum akajibu.

Mwalimu alivaa hedifoni kama anayevaa joho, akaimba ubeti mzima macho amefumba. Anjum akaicheza rekodi. Upendo akaficha uso kwa kitenge.

"Karibu Mikindani, Mwalimu," Yustina akasema polepole. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo siku ile.

Anjum hakucheka. Alichukua sauti ya Mwalimu, ya Upendo, na ile ya Yustina ya Jumanne, kabla hajaambiwa awahi. Akapima kwenye skrini umbali wa kila moja kutoka mahali ilipotakiwa kuingia. Zote zilichelewa kwa kiasi kile kile, kama sehemu ya nane ya sekunde.

"Mtu akichelewa, huchelewa ovyo," alisema. "Huyu anachelewa kwa kipimo. Si mtu."

Akaiweka hedifoni juu ya maiki, akacheza mlio wa kuhesabu mapigo, akaurekodi mlio wenyewe. Hapakuwa na mwimbaji. Mlio ulirudi umechelewa sehemu ile ile ya nane.

"Mashine inakusanya sauti fungu zima ndipo iandike. Wewe, dada Yustina, unajua karani anayengoja gunia lijae ndipo aguse kalamu."

"Wapo wawili ofisini kwetu."

"Na kwaya ya Jumatatu?" Mwalimu akauliza.

"Ilichelewa pia. Ila mlichelewa pamoja na kinanda, nani angejua?"

Akaiandikia programu ya kurekodia kiasi kile, iwe inaiwahisha kila sauti mpya. Akapima tena. Mlio ukakaa juu ya mlio.

Yustina akaimba upya. Safari hii alitangulia kwaya.

"Mnaona?" Mwalimu akasema. "Kumbe shida ni yeye. Upendo, simama."

Upendo akasimama. Anjum alikuwa haangalii skrini. "Mwalimu, kidole chako bado kinamwita kabla ya wakati."

"Kidole hiki kimeongoza kwaya miaka kumi na moja."

"Sawa. Dada Yustina, geukia magodoro."

Hakugeuka. Katika kwaya ile hakuna aliyempa Mwalimu mgongo. Hata wakitoka mazoezini walipita kwa ubavu. Alimtazama Mwalimu, akatazama magodoro.

"Nitakupa mgongo, Mwalimu. Unisamehe."

Mwalimu akakishusha kidole. "Nipe tuone."

Akaimba ameuelekea ukuta. Lori likapita ubeti wa pili, wakaanza tena. Anjum alipoicheza, sauti ilikaa juu ya kinanda bila kusogezwa; neno moja tu la ubeti wa tatu lilibaki nyuma.

"Hapa umechelewa wewe," akamwambia. "Pumzi imekuishia."

"Kweli," Yustina akasema, akalirudia neno.

Mwalimu alisikiliza mara mbili. "Upendo, rudi sauti ya kwanza," alisema. "Yustina, gari linaondoka kesho saa nne. Usichelewe."

Anjum aliandika kile kipimo kwenye kipande cha plasta, akakibandika pembeni mwa skrini, akafungua wimbo wa pili. Yustina alikuwa ameshageukia ukuta, wala hakuomba tena radhi.